Kitanda cha Saba

Jumanne, tarehe kumi na nne Julai. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, madirisha ya wodi yakaonekana kama yamepakwa chokaa.

Mpiga deki wa wodi, ambaye wenzake walimwita Mwanafunzi kwa kuwa alianza masomo ya jioni akiwa na miaka hamsini na miwili, alikuwa akitandika kitanda cha saba. Aliyelala hapo alitolewa alfajiri, amefunikwa gubigubi. Wa nne mwezi huo. Mwanafunzi akanyoosha shuka. Alipogeuka kuchukua ndoo, shuka likabonyea katikati, taratibu, kama mtu anayejilaza.

"Ee Mungu, nishike," akanong'ona, akalinyoosha tena.

Muuguzi akaingia akisukuma kiti cha magurudumu. Aliyekikalia alikuwa mdogo wake Mwanafunzi, akihema juu juu.

"Kitanda cha saba," muuguzi alisema.

Mgonjwa akayang'ang'ania magurudumu. "Hapo silali! Dada, unataka kunizika? Kila anayelala hapo anakufa!"

"Wanne, nimewahesabu," akadakia bibi wa kitanda cha nane, mwenye mdomo wake. "Mpeni kile cha mlangoni. Pale watu hupona mpaka wanaiba mito."

Mwanafunzi naye alitamani kukisukuma kile kiti mlangoni. Lakini juzi tu mwalimu wao wa jioni aliwaambia kwamba jambo kufuata jingine si ushahidi kwamba limeletwa nalo.

"Sista, hapa mnamlaza nani?"

"Aliyezidiwa. Bomba la oksijeni liko ukutani hapa. Mlangoni halifiki, kule wanalala wanaosubiri kurudi nyumbani."

"Umesikia, mdogo wangu? Kitanda hakiwaui. Wanaletwa hapa kwa sababu wamezidiwa. Sisi tumevaa shati nyuma mbele."

"Wee mpiga deki, udaktari umeanza lini?" bibi akauliza.

"Bibi, hapo umenigusa mimi, hoja hujaigusa."

"Wodi nzima inasema!"

"Wodi nzima ikisema ukuta huu ni maziwa, utaleta kikombe?"

Bibi akacheka hadi akapaliwa. Mgonjwa hakucheka. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya buluu. Akanyoosha kidole.

"Na lile?"

Wote wakatazama. Shuka lilikuwa limebonyea tena, na hakuna aliyelikaribia. Bibi akavuta blanketi hadi kidevuni.

Mwanafunzi akasema polepole, "Lile silijui. Lakini nisichokijua siwezi kukifanya ushahidi. Ninachokijua ni kwamba bila hewa hii huioni jioni."

Mdogo wake akaachia magurudumu. Wakamlaza. Muuguzi akamvalisha barakoa, na hewa ikaanza kuvuma.

Mwanafunzi akapiga magoti, akamshika mkono, akapaza sauti:

"Mbele ya Mungu, mbele ya sista na bibi huyu, naahidi: sibanduki ubavuni mwako mpaka utoke hapa. Na hata ukitolewa umefunikwa, mdogo wangu, sitasema ni kitanda."