Mlango wa Verlyn

Shemeji yangu Verlyn alikuwa mbishi, tena wa kujivunia ubishi wake. Nyumba yake kando ya ziwa, huku kwetu kaskazini mwa Minnesota, haikuwahi kufungwa kwa ufunguo. Wanaofunga milango, alisema, ni watu wa mjini.

Dada yangu Ardis, mkewe, alikuwa kitandani, saratani imemmaliza. Alitaka kitu kimoja tu: amwone mwanawe Soren akiwa mtu mzima kabla yeye mwenyewe hajafa. Soren alizama akiwa na miaka tisa, barafu iliyofunika ziwa ilipomeguka, na aliyekuwa akimwangalia siku ile ni mama yake. Verlyn hakumlaumu hata mara moja. Hakumwambia pia kwamba hamlaumu. Wanaume wa huku ndivyo walivyo, maneno wanayameza.

Basi akaweka kwenye kompyuta yake programu ya akili bandia inayochora picha. Akaipa picha za familia, akaiandikia habari za mtoto na kifo chake, nayo ikamkuza: Soren na ndevu, Soren na suti ya harusi, Soren kapakata mtoto. Kila picha iliyotoka ilijionyesha yenyewe kwenye televisheni mbele ya kitanda. Ardis alicheka, jamani. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Kisha mjinga yule akataka kuchora kwa simu akiwa kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki, kule juu ya barafu. Akaufungua mtandao wa nyumbani ili programu ifikiwe kutoka nje, bila neno la siri. Nikamwonya kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kuzurura mtandaoni wakijaribu vitasa.

"Waje," akasema. "Wataiba nini, shemeji? Picha za mwanangu?"

Wakaja. Hawakuiba kitu. Walisoma habari za mtoto aliyezama, wakaona wamepata mchezo, wakaiamuru programu ichore.

Siku hiyo Verlyn alikuwa ziwani kumtafutia Ardis samaki. Nilipofika na supu, televisheni ilimwonyesha Soren chini ya barafu, bluu, macho wazi, akikwaruza kwa kucha. Ikafuata nyingine, amevimba. Ikafuata nyingine, na juu ya barafu amesimama Ardis mwenyewe, anacheka. Rimoti ilikuwa sakafuni na dada yangu hakuwa na nguvu ya kuinama. Alikuwa amezitazama asubuhi nzima.

Nikachomoa waya. Nikamweleza kuwa ni wahuni, watu baki. Akatikisa kichwa. Alichojua yeye ni kwamba picha zile anachora mumewe peke yake.

Verlyn akaingia na samaki mkononi, anatabasamu.

Ardis akamtazama. "Miaka yote hii," akasema, "ungeniambia tu kwa mdomo."

Verlyn alilia, akaapa, akapiga magoti. Nani angemwamini, mtu ambaye hakuwahi kusema neno? Ardis alikufa baada ya siku chache, kageukia ukutani, hakumpa hata mkono.

Baada ya mazishi nilikwenda kuchukua nguo za dada yangu. Nikasukuma mlango, haukufunguka. Nikamsikia Verlyn ndani akihangaika na ufunguo.

"Umechelewa, shemeji," nikamwambia, nikaondoka zangu.