Kitambaa Kikianguka Kianguke

...na kitambaa hiki nacho kimechagua leo kuteleza, kimefika nusu ya paji la uso, jasho linaniingia jichoni na siwezi kukigusa, nikikigusa tu mjukuu wangu pale katikati ya uwanja atadhani nimempa ishara, ndivyo tulivyopatana, bibi akishika kitambaa basi mpira upite karibu na uso wa mpigaji, aogope, arudi nyuma, na huyu mpigaji mwenye mapaja kama magogo kajiinamisha mbele kweli, kama anachungulia sufuria ya jirani, fainali ya besiboli ya wasichana, wetu wanaongoza kwa moja tu, akiupata mpira huu kwa gongo lake kikombe kimekwenda, na mtoto hamtazami kocha anayebweka kule kwenye benchi, ananitazama mimi... "Bibi, kitambaa hicho," anasema mama aliyekaa kando yangu, anatafuna karanga tangu saa nane, kiache, namwambia, kwani kinakuwasha wewe?... nilimfundisha mwenyewe, uani, anarusha kwenye ukuta wa choo mpaka lipu ikabanduka, vidole viwili juu, gumba chini, usibane, na huo mpira wa usoni nao nilimfundisha mimi, nani mwingine, ndio nilioujua kuliko yote... fainali yetu ya ujanani, sisi wa kiwanda cha nguo, mpigaji wao alikuwa mshona magunia, mwembamba, mcheshi, kofia ngumu hatukuwa nazo, kocha akaninong'oneza mtishe kidogo, mimi sikumtisha, nililenga, hilo sijamwambia mtu, nililenga sikio kwa sababu mara mbili alishaupiga mpira wangu ukavuka ukuta, akanicheka mbele ya mume wangu, na ule mlio, kama kibuyu kikidondoka sakafuni... akaanguka, akainuka, akajipangusa vumbi, "Dada, ungeniita tu ningegeuka," watu wakacheka, nami nikacheka, siku ya tatu hakuamka, wakasema bahati mbaya, nikaenda msibani nikaosha vyombo kwa mikono hii hii, mama yake akanishukuru, eti mwanangu una moyo... kikombe kipo jikoni kwangu, natilia vijiko... "Bibi, si hatari?" mtoto aliniuliza, nikamjibu siku hizi wanavaa kofia, lakini kofia haifiki shavuni, haifiki kooni, nilijua, nilishaipima kwa macho... "Jamani bibi, kinakuziba macho, ngoja nikusaidie," na mkono wake wa karanga huo unakuja kichwani kwangu, namchapa, paa! "Usiniguse!" "Makubwa! Kwani nakuibia?" na mtoto kaona mikono ikipigana, kakunja uso, mpira bado umo ndani ya glavu yake, na mimi mikono yote miwili nimeikalia, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani, kishuke basi, kimefika puani, kimefika mabegani, mvi zangu na kipara cha utosini uwanja mzima unavitazama, na vitazamwe, mwamuzi anapaza sauti arushe, mtoto hajarusha, anasubiri mkono wangu, hauji, mwanangu, rusha katikati, akiupiga aupige, mshindwe urudi nyumbani unalia, au mshinde, sawa tu, ukifika nitamwaga vile vijiko mezani nikueleze kikombe kile tulikipataje...