Dakika Sita kwa Miguu

Usijifanye hukuona. Ulikuwa ndani ya gari lako, vioo vimepandishwa, treni ya mizigo imesimama mbele yako kama ukuta, na mtoto mwenye begi mgongoni akainama, akapita chini ya behewa, akatokea upande wa pili. Wewe ukashika simu ukaanza kusoma. Ulikuwa unasoma nini cha maana hivyo? Ulitaka tu macho yako yapate kazi nyingine. Na hukuwa peke yako. Mji wa Kessler Bend, huku Marekani, uliijua kazi hiyo kabla simu za mkononi hazijazaliwa. Zamani watu walikuwa wakizungusha redio kutafuta stesheni.

Odessa Rainey hakuwa na gari la kujifichia. Alikuwa na saluni kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaa wa Bondeni, uliobanwa kati ya mto na reli, na dirisha la saluni lilitazamana na kivuko cha reli uso kwa uso. Alikuwa na wajukuu wawili aliokabidhiwa na mahakama baada ya mama yao kushindwa kuwalea: Marquel, wa miaka kumi na miwili, aliyesoma ng'ambo ya reli katika shule kubwa ya Mlimani, na Jonelle, wa miaka sita, aliyesoma hapo hapo Bondeni, mwendo wa kuvuka uchochoro mmoja. Kilichokabidhiwa na mahakama huweza kuchukuliwa na mahakama. Odessa alilala na kuamka na neno hilo.

Siku hiyo alikuwa akimnyoosha jirani yake Verlene nywele kwa kitana cha moto, mlango ukagongwa. Aliingia kijana mmoja Mzungu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, amevaa viatu vya kupandia milima, katika mtaa ambao kitu kirefu kuliko vyote ni tuta la kuzuia mafuriko. Mkononi ana boksi la biskuti.

"Bi Rainey? Naitwa Brandt Oyler. Naisaidia wilaya ya shule kupanga majengo yake ya miaka ijayo. Tunataka sana kusikia sauti ya Bondeni."

"Sauti ya Bondeni hiyo hapo nje inapiga honi," Verlene akasema chini ya kitana. "Huisikii?"

Kijana akacheka. Odessa hakucheka. "Nani kakupa jina langu?"

"Shemasi Tate. Anasema watu wanakusikiliza."

Macho ya wanawake wale wawili yakakutana kwenye kioo. Purvis Tate, shemasi wa kanisa lao, ndiye mtu pekee wa Bondeni aliyepewa kiti kwenye kamati ya majengo. Oyler alipoondoka, Verlene alifungua boksi, akanusa biskuti kama mtu anayenusa maziwa ya jana.

"Tangu wampe kile kiti, Purvis anatembea kama kameza mwiko. Kikulacho ki nguoni mwako, shoga. Utaenda?"

"Nikienda watasema nilikuwapo. Nisipoenda watasema niliitwa."

"Basi umeshafungwa mabao mawili na mpira haujaanza. Angalia sikio langu hilo."

Mara ya kwanza watu wa Bondeni walipoitwa, hawakwenda. Odessa alikuwa msichana wakati huo. Wilaya ilitaka kufunga madarasa ya juu ya shule ya Bondeni, ikaita mikutano, na wazee wa mtaa wakaamua kwamba kuhudhuria ni kukubali. Wakakaa majumbani mwao kwa heshima zao zote. Barua iliyotoka baadaye ilisema wananchi wa Bondeni walialikwa na hawakuwa na pingamizi. Madarasa yakahamia Mlimani. Kabla mwaka haujaisha treni iliyosimama ilianza kwenda bila kupiga honi, na Lonzo, kaka yake Odessa, alikuwa chini yake. Alipona, lakini mguu mmoja ulibaki relini. Mama yao aliwaambia polisi kwamba mtoto alikuwa akicheza. Angesema nini? Kampuni ya reli ilikuwa ikiwatoza faini wazazi, na kule ustawi wa jamii walikuwa tayari wameshawachukua watoto wa jirani kwa kosa dogo kuliko hilo. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za mji, Lonzo Rainey ni mtoto mtundu aliyecheza na treni.

Hapo ndipo mtaa mzima ulipojifunza kunyamaza. Ukimya ukawa mila, kama kupeleka chakula msibani. Kila mzazi wa Bondeni aliwafundisha wanawe kupita chini ya mabehewa, na hakuna aliyelitamka jambo hilo mbele ya mtu wa ofisi. Anayekaa karibu na shule hapewi basi la shule, isipokuwa njia yake imetangazwa kuwa ya hatari. Na nani aitangaze? Kutangaza ni kukiri. Kwenye makaratasi, basi, njia ya kutoka Bondeni kwenda Mlimani haikuwa na doa.

Odessa alikwenda. Alivaa koti lake la kanisani, akaingia ukumbi wa chakula wa shule ya Mlimani. Cha kwanza alichokiona ni polisi mlangoni, na cha pili ni mwanamke mwenye kadi za rangi.

"Karibu sana. Chukua kadi, kaa kwenye meza ya rangi yako. Tunapenda watu wachanganyike."

Odessa akachukua kadi ya njano. Akatazama ukumbi. Verlene alikuwa meza ya bluu, peke yake kati ya watu wa Mlimani. Watu wa Bondeni waliokuja hawakuwa wengi, na kila mmoja alikuwa amepandwa kwenye meza yake kama mche mmoja kwenye shamba la mtu mwingine. Purvis Tate alikuwa mbele, kwenye meza ya kamati, tai imemkaba. Hakumtazama.

Ukutani kulikuwa na mabango matatu, kila moja na mpango wake. Wa kwanza ulikarabati shule ya Mlimani na kufunga ya Bondeni. Wa pili uliongeza jengo jipya Mlimani na kufunga ya Bondeni. Wa tatu ulifanya yote hayo, pamoja na uwanja wa michezo. Kila mtu akapewa vibandiko vya kijani abandike kwenye mpango anaoupenda.

"Na asiyependa hata mmoja abandike wapi?" Odessa akamuuliza Oyler alipopita.

"Swali zuri sana, Bi Rainey," Oyler akasema, akaendelea na njia yake.

Pale mezani walimkarimu. Ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Mama mmoja alimsogezea kahawa. Bwana mmoja mwenye sweta, mstaafu wa benki, alimwambia kwamba paa la shule ya Bondeni linavuja, na Odessa alilijua hilo. Kwamba kukarabati jengo kuukuu ni kutia viraka kwenye kiraka. "Na maktaba yetu hapa, mama, hao watoto wenu wataipenda." Kibandiko chake kilikuwa tayari kwenye ncha ya kidole.

Oyler akashika kipaza sauti, akawasha ramani ukutani. Mstari wa bluu ulitoka Bondeni, ukavuka reli, ukaingia Mlimani. "Dakika sita kwa miguu," akasema. "Tunataka kusikia kutoka kwenu. Kuna kikwazo chochote kwenye njia hii?"

Odessa alimtazama Verlene. Verlene alikuwa akichunguza biskuti yake. Wanawe wawili walipita chini ya behewa asubuhi ile ile. Odessa aliwaona dirishani. Mkewe Purvis alitazama dari. Purvis alitazama viatu vyake.

Kwa nini kijana anauliza? Ameshaambiwa na Purvis? Anataka mtu aseme ili yule polisi wa mlangoni aandike? Au hajui kitu kabisa, ameipima njia kwa gari siku treni haikuwapo? Odessa alilipindua swali hilo kama mtu anayeipindua noti mpya kwenye mwanga. Kila upande aliougeuza ulikuwa na mdomo wa mtego.

"Naona hakuna," Oyler akasema.

"Unaona?" bwana wa sweta akamnong'oneza mama wa kahawa. "Wenyewe wamo humu, na hawajasema kitu. Shida yenyewe haipo." Akanyanyuka na kibandiko chake.

Ilikuwa sentensi ya ile barua ya zamani, sasa ina mdomo na sweta. Odessa akasimama kabla miguu haijamuuliza.

"Kikwazo kipo. Ni treni. Inasimama pale kivukoni, wakati mwingine tangu asubuhi mpaka watoto wanaporudi. Mjukuu wangu Marquel anapita chini yake."

Polisi alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Hafanyi kwa utundu," Odessa akaendelea. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Sikiliza breki kwanza, zikipumua, usiingie. Tupa begi mbele. Usikanyage chuma. Usirudi nyuma hata kofia ikidondoka. Nimemfundisha kama wenzangu mnavyofundisha watoto kupiga mswaki. Sasa mkifunga shule yetu, nitamfundisha wa miaka sita."

Oyler aligeukia bango, akaandika kwa kalamu nene: *Usalama barabarani*.

"Andika nilichosema."

"Tunafupisha tu, Bi Rainey, ili mawazo yote yapate nafasi."

"Kaka yangu naye alifupishwa. Andika nilichosema."

Masikio ya Oyler yakawa mekundu. Akakata maneno yale, akaandika polepole: *Watoto wanapita chini ya treni*. Kisha akaugeukia ukumbi, na sasa sauti yake haikuwa ya biskuti tena. "Kuna familia nyingine ambayo..." Hakumaliza.

Hakuna aliyenyanyuka. Purvis alikohoa, akasogeza glasi ya maji. Verlene alikuwa analia kimya, biskuti imevunjika mkononi, na bado makalio yake yako kwenye kiti.

Odessa alimkuta Purvis nje, kwenye maegesho.

"Ulimpa jina langu."

"Nilijua utasema, Dessa. Lilihitaji mtu wa kulisema."

"Na wewe mdomo umeazimwa?"

"Nina wajukuu."

"Na mimi nafuga nini, paka?"

Purvis alifungua mlango wa gari, akaufunga tena bila kuingia. Kama alimchagua kwa kumheshimu au kwa kujikinga mvua kwa mgongo wake, Odessa hakupata kujua. Huenda Purvis mwenyewe hakujua.

Alhamisi mlango wa saluni uligongwa. Mwanamke wa ustawi wa jamii alikuwa na adabu. Alifungua friji, akatazama vitanda, akamuuliza Jonelle bibi yake humpikia nini. Samaki, akasema Jonelle, na mboga asizozipenda. Kisha mwanamke akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Bi Rainey, kuna familia nyingine zinazofanya hivi?"

Hapo Odessa aliona meno yote ya mtego kwa pamoja. Akiwataja, atakuwa amewauza majirani zake. Asipowataja, atabaki yeye tu.

"Shule inatoka saa tisa na nusu," akasema. "Njoo usimame hapa dirishani."

Wakasimama bega kwa bega. Treni ilikuwapo, ndefu kiasi kwamba kichwa wala mkia havikuonekana. Watoto wakaja, wengi. Mabegi yakarushwa. Vichwa vikainama. Marquel alikuwa wa katikati, alimshika mkono yule mdogo kati ya wana wa Verlene, akamvuta upande wa pili. Mwanamke wa ustawi aliushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili na hakuuachia mpaka wa mwisho alipotokea. Nyumba kwa nyumba, mapazia ya Bondeni yalikuwa yamefungwa.

"Nimewaona," akasema baadaye. "Wote. Lakini faili nililopewa lina jina moja. Siwezi kuandika kwamba njia ni mbovu kwa jina moja. Jina moja ni bibi aliyeshindwa kulea."

"Unarudi lini?"

"Jumanne. Baada ya bodi kupiga kura."

Jioni hiyo Odessa aliwapikia wajukuu, akamwambia Marquel habari yote, bila kumficha kitu. Marquel aliuliza kama wanaweza kupelekwa nyumba tofauti, yeye kwake na Jonelle kwake. Odessa alisema wanaweza. Hakuwahi kumdanganya kuhusu treni, hangeanza sasa.

Bodi ya shule inapiga kura Jumatatu saa moja jioni, ukumbi ule ule. Kipaza sauti kiko wazi kwa yeyote. Jina moja ni bibi mzembe: wanamchukulia wajukuu, wanafunga shule, na watoto wadogo wanaanza kufundishwa namna ya kusikiliza breki. Majina mengi ni njia mbovu, na njia mbovu ni kazi ya wilaya, si dhambi ya Odessa. Hawawezi kumchukua kila mtoto wa Bondeni. Wanaweza kuwachukua wawili.

Kwa hiyo usimwonee huruma. Huruma hana pa kuiweka. Kama mwanao amepita pale, njoo useme amepita. Kama huna mtoto na uliona, sema uliona, siku gani, na ulikuwa unakwenda wapi. Kama shule iko mtaani kwako, mbali na mto huu, na umesikia wameita watu wapange majengo yake, usisubiri kualikwa na biskuti: nenda, kataa kadi ya rangi, kaeni pamoja, muulize mpango wa nne uko wapi. Purvis, wewe pia. Verlene, wewe pia. Vaa koti, toka sasa hivi, mgongee jirani yako mlango, na mkifika mbele taja jina lako kamili, kwa sauti, alisikie aliyekaa nyuma.