Korongo wa Nzilo na Filimbi ya Mwenyekiti

Ratiba ya Sherehe ya Ndege ya Lualaba ilikuwa na kurasa saba, na katika tano za mwanzo hapakuwa na ndege hata mmoja. Palikuwa na hotuba ya ufunguzi, hotuba ya kumshukuru aliyefungua, ngoma za kuhamasisha umma, na hotuba ya kuwashukuru wapiga ngoma. Ndege walianza katika ukurasa wa sita, siku ya Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nao walipewa dakika arobaini za kuonekana.

Mzee Ngeleka aliisoma yote, mara mbili, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma kitu mpaka mwisho hata kikiwa karatasi iliyofungia sabuni. Kisha akachonga penseli yake na kupiga mstari chini ya sentensi moja tu, ukurasa wa saba: "Kila ndege atakayethibitishwa na Daktari ataandikwa katika Daftari la Mkoa, pamoja na jina la aliyemwonyesha."

Sentensi hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani.

Kwa miaka ishirini na minne Ngeleka alikuwa mwasha baruti katika mashimo ya shaba ya Mashamba, kule Kolwezi. Yeye alitia moto, na mlima ukaondoka mahali pake. Alipostaafu, masikio yake yalikuwa yamechoka, lakini macho aliyaona bado mapya, akaamua kuyatumia. Kila Jumamosi alipanda baiskeli mpaka kwenye kinamasi kilicho kando ya ziwa la Nzilo. Huko, kiangazi cha mwaka wa sabini na moja, aliwaona korongo wa ndevu wawili, ndege wa kufika kifuani pa mtu mzima, shingo nyeupe, na vipande viwili vya ngozi vikining'inia chini ya kidevu kama ndevu za mzee asiye na haraka. Wakaatamia hapo. Mwaka uliofuata wakarudi. Na uliofuata tena.

Akamwandikia Daktari Kalenga, mtaalamu wa ndege wa chuo kikuu kule Lubumbashi. Daktari alijibu. Alijibu barua zote nne, na zote kwa adabu ile inayouma kuliko tusi: upande huo wa Lualaba korongo wa ndevu hawajulikani, na mtu asiye na mafunzo, hasa akiwa mbali, aweza kumdhania yangeyange kuwa korongo.

"Yangeyange!" Ngeleka alimwambia mkewe, Mama Kabedi. "Yangeyange ananifika ku goti! Hapa ku uso niko na macho ao niko na bifungo ya shati?"

"Daktari hakusema uko kipofu, tata," alijibu Mama Kabedi, ambaye kama watu wote alimwita tata, yaani baba, huku akiendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo. "Alisema tu unadanganya. Na alisema na heshima."

Mama Kabedi hakuwa mtu wa kula kitu kitamu peke yake, basi kufikia Jumapili kambi nzima ya wachimbaji ilikuwa na habari. Tangu hapo, Ngeleka akipita na baiskeli yake, wanaume waliokaa barazani walimsalimu, "Tata Yangeyange, habari ya safari?" Mtu aliyekuwa akihamisha milima sasa alikuwa na jina la ndege anayefuata makalio ya ng'ombe.

Ndiyo maana aliposikia kwamba mwezi wa saba, mwaka wa sabini na tano, Daktari mwenyewe angekuja Kolwezi kwa Sherehe ya Ndege, na kwamba matembezi ya Jumamosi yangefika Nzilo, Ngeleka alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Citoyen Mukalay (ndivyo serikali ilivyoagiza kila mwananchi aitwe), mtu wa maofisini, aliyeitwa Stanislas mpaka majina ya ubatizo yalipokatazwa, na ambaye mkewe bado alimwita Stani kila alipotaka jambo lifanyike haraka. Alikuwa na abakosti tatu, yale makoti ya serikali yasiyovaliwa tai. Kuhusu ndege, alijua kwamba wana mabawa.

Ijumaa ilikuwa siku ya semina. Ya kwanza iliitwa "Namna ya Kushika Darubini". Watu walikuwa themanini na darubini zilikuwa mbili: moja ya Daktari Kalenga, aliyeivaa shingoni na hakuivua hata kwa kula, na nyingine ya kamati, yenye jicho moja zima. Zilizobaki, alieleza Mukalay, zilikuwa bado forodhani. Kwa hiyo washiriki walifundishwa kwa kukunja ngumi mbili na kuziweka machoni, na Mukalay akapita kati ya viti akiwasahihisha.

"Taratibu, citoyenne! Hapo unaharibu kioo."

"Kioo gani, citoyen mwenyekiti?" aliuliza Mama Kabedi, ngumi zikiwa usoni.

"Kitakachokuja."

Semina ya pili iliitwa "Ndege na Maendeleo ya Taifa", ikachukua saa mbili na nusu bila ndege kutajwa. Mchana walikula kuku. Huyo ndiye ndege pekee aliyehudhuria semina siku ile, naye alikuja akiwa ndani ya mchuzi.

Ngeleka alimkuta Daktari akinawa mikono nje ya ukumbi. Alikuwa kijana kuliko barua zake.

"Daktari, mi ni Ngeleka. Wa barua."

Daktari alifikiri kidogo, kisha akatabasamu. "Ah! Tata wa yangeyange."

Katika kazi ya baruti mtu huhesabu polepole kabla ya kufanya jambo lolote. Ngeleka akahesabu mpaka kumi.

"Kesho tutafika kule," alisema. "Kiota iko. Nitakuonyesha."

"Ukinionyesha, tata, nitaandika. Kwa mkono huu, na jina lako. Lakini nisipoona, nakuomba, usiniandikie tena."

"Sitakuandikia tena."

Usiku ule Ngeleka alilala kama mtu aliyeweka nyumba yake rehani.

Jumamosi walisafiri kwa lori la Musafiri, mfanyabiashara wa familia iliyotoka Maniema, ambalo siku nyingine zote lilibeba makaa kutoka Mutshatsha. Wapenzi wa ndege waliopanda wakiwa na mashati meupe walishuka wakifanana na kunguru. Mbele yao lilitangulia lori la wacheza ngoma, kwani miaka ile hakuna shughuli ya umma iliyoanza bila uhamasishaji, na kamati haikuona sababu ya kuwanyima ndege haki hiyo. Basi saa kumi na mbili kamili, ukungu ukiwa bado juu ya maji, ngoma sita na wanawake ishirini na wawili wa sare walianza kuwakaribisha ndege wa Nzilo.

Bata, ambao hawakuwa wamejiandaa kisiasa, waliondoka wote kwa pamoja. Kwarara wakafuata, wakilalamika angani. Furukombe mmoja alivumilia nyimbo mbili juu ya mti mkavu, akapiga kelele yake, naye akaenda zake.

"Wanashangilia!" alisema Mukalay.

Ngoma zilipokwisha, dakika thelathini kati ya zile arobaini zilikuwa zimekwisha nazo. Ngeleka akaongoza watu kwa miguu kuelekea kinamasini. Alitembea mbele kwa kunyata, na nyuma yake watu themanini walitembea kama watu themanini: wengine wakibishania mpira, wengine wakibishania nani alipewa paja la kuku jana, na mmoja alikuwa na redio. Walipofika kwenye ukingo, Ngeleka alimwonyesha Daktari rundo la matete katikati ya maji, kama hatua mia mbili mbele.

Daktari aliinua darubini, akatazama kwa muda.

"Naona majani, tata."

"Ile njo kiota yao. Wamekimbia ngoma. Watu wakinyamaza, watarudia mu kiota."

"Tata Ngeleka," aliita Musafiri kutoka nyuma, "korongo yako walipanda treni ya Mutshatsha? Ungeniambia, ningebapakia mu lori!"

Watu wakacheka. "Ungetafuta kwanza ng'ombe, tata," akaongeza mwingine. "Yangeyange iko pale kwenye ng'ombe iko." Wakacheka zaidi, na Mama Kabedi, aliyekuwa amecheka utani huo miaka miwili, safari hii hakucheka. Aliutazama mgongo wa mumewe uliovaa koti la kanisani, akapiga kelele:

"Munyamaze, banafunzi ya ngumi! Nani kati yenu ameona hata kifaranga?"

Daktari alitazama saa yake. Si mtu mbaya, Daktari Kalenga. Alikuwa amechoka tu.

"Mwenyekiti," alisema, "tumpe tata dakika kumi za kimya. Halafu turudi."

Mukalay alifurahi sana kupewa kazi. Akatia mkono mfukoni, akatoa filimbi mpya aliyoinunua kwa ajili ya sherehe na ambayo hakuwa ameitumia bado. Akajaza mashavu, akapuliza mara tatu, kwa nguvu na kwa kirefu.

Mtu wa ofisini haelewi mambo mengine. Hajui kwamba katika mashimo ya Kolwezi filimbi tatu ndefu zina maana moja tu, ambayo wanaume huifahamu kabla ya kufahamu mshahara wao, na wake zao na watoto wao huifahamu kwa kuisikia: baruti imewashwa, lala chini.

Watu themanini wakalala chini. Hakuna aliyeuliza. Redio ilizimwa, mwenyewe akailalia. Wapiga ngoma, waliokuwa wamefuata nyuma, wakalala juu ya ngoma zao. Musafiri, ambaye hakuwahi kuingia shimoni lakini alizaliwa Kolwezi, alikuwa wa tatu kufika ardhini. Daktari alibaki amesimama, mtoto wa Lubumbashi, mpaka Mama Kabedi alipomvuta kwa koti: "Lala, Daktari! Unataka jiwe ikupasue?" Mukalay alipoona watu wote wamelala, aliamua kwamba wanajua jambo ambalo yeye halijui, akalala wa mwisho, mahali palipokuwa pamebaki, penye tope.

Ngeleka naye alikuwa chini, mikono masikioni, mdomo wazi. Kichwa chake kilijua vizuri kwamba pale hapakuwa na baruti; lakini mwili ulikuwa na utumishi wa miaka ishirini na minne, na kichwa kilifika baadaye.

Sasa, sheria ya shimoni ina sehemu ya pili. Mtu akishalala, hainui kichwa mpaka mwasha baruti mwenyewe aseme "Imekwisha." Si msimamizi, si injinia. Yeye peke yake. Kila nyumba ya kambi ilikuwa na habari ya mtu aliyeinuka mapema. Na pale kinamasini palikuwa na mwasha baruti mmoja tu. Nyuso themanini zikageuka taratibu, mashavu yakiwa kwenye nyasi, zikamtazama Tata Yangeyange.

"Tata Ngeleka," alinong'ona Mukalay. "Imekwisha?"

Ngeleka alikuwa ameshafungua mdomo kusema ndiyo. Kisha akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu hotuba ya ufunguzi. Alisikia kimya.

Akafunga mdomo. Akahesabu mpaka kumi.

"Bado," alisema.

"Lakini hakuna iliyolipuka!"

"Hiyo njo hatari yenyewe, mwenyekiti. Ile haijalipuka, njo inaua watu."

Jambo hilo kila mtu alilijua kuwa kweli. Vichwa vikazidi kujibana ardhini.

Dakika zikapita. Chura mmoja akaanza, akafuatwa na wenzake. Kisha kando ya matete, pale ambapo majani yalikuwa marefu zaidi, kitu cheupe kikainuka na kuwa shingo. Korongo wa kwanza alitoka akitembea polepole, akisimama kila hatua kama mkaguzi aliyekuta kazi mbaya. Nyuma yake akaja wa pili. Na kati yao, akijikwaa kwenye nyasi, kinda la rangi ya kutu.

Daktari alikuwa amelala bega kwa bega na Ngeleka, darubini machoni. Alikaa hivyo mpaka Ngeleka akahofia kwamba amesahau kupumua.

"Tata."

"Ee."

"Wana ndevu."

"Yangeyange ya huku," alisema Ngeleka, "banafuga."

Daktari akashusha darubini. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Nilikukosea, tata. Barua nne. Tukifika mjini nitaandika."

"Andika hapa."

Daktari akavuta daftari kutoka kifuani, akalifungua juu ya nyasi, akaandika ndege, tarehe na mahali. Alipofika kwenye nafasi ya jina, sauti ya Mukalay ikatoka topeni.

"Daktari! Hapo pa jina, uandike Kamati. Ndio utaratibu. Kamati ndiyo imeleta watu."

Kalamu ya Daktari ikasimama.

"Mwenyekiti," alisema Ngeleka bila kugeuka, "umeinua kichwa. Mi niliwahi kumuona mutu aliinua kichwa hivyo. Tulimuzika bila kofia, hatukuona pa kuivalisha."

Mukalay akairudisha abakosti yake topeni, kidevu na vyote. Daktari akaandika: Ngeleka. Ngeleka akatoa miwani mfukoni, akaivaa akiwa amelala, akalisoma jina lake kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Halikuwa jina refu, lakini alichukua muda.

Mama Kabedi akajivuta kwa viwiko mpaka karibu yake. Alimjua mumewe.

"Weye," alinong'ona, "hapa hapana baruti."

"Najua."

"Basi uambie watu. Mwenyekiti anakunywa maji ya vyura."

"Nitawaambia."

Kinda alikuwa amefika kwenye kiota, na korongo mkubwa alikuwa akimtengenezea mahali. Ngeleka aliweka kidevu juu ya mikono yake na kutazama. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuharakisha usalama wa mtu, na hakuona kwa nini aanzie kwa mwenyekiti.