Shahidi wa Rundo la Mawe

Jumamosi asubuhi Dorotea, muuza dagaa wa Mwaloni, alijifunga kanga kiunoni, akaokota jiwe, akaanza kupanda kilima. Ndiyo desturi: kwenye kaburi la rundo la mawe hakuna anayekwenda mikono mitupu. Kaburi lile lilikuwepo kabla ya koo zote za huko, na kutoka pale ziwa huonekana lote, pamoja na kiwanja cha Dorotea cha ufukweni, ambacho Shigela, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa akikizungushia ukuta.

Aliweka jiwe lake juu ya rundo. Marehemu akatoka, akijikung'uta vumbi.

"Umeniwekea gotini," alisema.

"Nisamehe. Shikamoo, babu."

"Ndiyo nini hiyo?"

Dorotea alieleza kwanza shida yake: alihitaji shahidi kwamba bibi yake ndiye aliyefyeka kile kiwanja.

"Nilimwona," alisema marehemu. "Alikuwa anaimba vibaya."

Wakashuka. Njiani Dorotea, mtu asiyependa kuaibishwa mbele za watu, alimfundisha adabu za siku hizi: ukimkuta mtu mzima, unaanza wewe kumwamkia. Dereva wa bodaboda aliwapakia mishikaki, wote wawili nyuma yake, akamwomba marehemu azishike vizuri mbavu zake, barabara ilikuwa mbovu.

Barazani wazee walimpa kiti. Shigela alidai baba yake ndiye aliyefyeka. Marehemu akasimama kumjibu, ila alikuwa amekufa kijana wa miaka ishirini, na somo la njiani lilikuwa limemwingia barabara. Akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," Shigela akaitikia upesi, kisha akawageukia wazee. "Mmesikia wenyewe. Huyu ni mtoto. Mambo ya kabla sijazaliwa atayajulia wapi?"

Wazee waliafiki. Shikamoo ikishatoka hairudi. Shigela akapewa kiwanja, marehemu akapewa soda, ambayo ilimpita yote ikamwagika chini ya kiti. Mtu akaleta tambara.

Dorotea aliumia sana, maana adabu ile aliifundisha mwenyewe. Walipanda tena kilima, akamfunika kwa mawe, lile la gotini akaliweka kando.

"Bibi," sauti ilitoka ndani, "nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mwanangu. Umelelewa vizuri."

Alikaa kidogo kupumzisha miguu. Kule chini mafundi wa Shigela walikuwa wameanza kupiga lipu, na kutoka pale juu walionekana vizuri kabisa.