Bonane ya Gentil

Asubuhi ya Bonane Bulonza alipiga pasi shati jipya la mwanawe, Gentil, akamfunga vifungo mwenyewe, ingawa mtoto alishatimiza miaka kumi na mitatu. Siku hiyo ya mwaka mpya watoto wa mtaa wao wa Bagira huvaa nguo mpya na kupelekwa kuwasalimu wakubwa. Bulonza alikuwa mlinzi kwenye nyumba ya Wazungu huko Muhumba, na kila mwaka alimpeleka Gentil kwa Madame, naye Madame alimpapasa kichwa na kumpa pipi.

Safari hii Madame alimtazama, akauvuta mkoba wake kifuani. Palepale mabega ya Gentil yalipanuka, shati likapasuka mgongoni, ndevu zikamtoka.

"Ule mwanaume iko nani?"

"Iko Gentil, Madame. Mutoto yangu. Iko na miaka treize."

"Abakie inje."

Walirudi kwa miguu, Gentil akimzidi baba yake kimo. Mama yake, Consolate, alimpa suruali ya babaye, kisha akalikata lile shati kuwa vitambaa vya kushikia sufuria. Jirani yao, mlinzi pia, alisema mwanawe yeye alitazamwa hivyo akiwa bado primeri, shule ya msingi.

"Papa, nitarudia mudogo?" Gentil aliuliza, kwa sauti nzito ambayo bado hakuizoea.

"Hapana, mwana."

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Juu ya anavyotazamwa hawakusema neno. Bulonza alijuta sana. Ni yeye aliyempeleka, tena kwa kumshika mkono, kwa sababu alitaka mwanawe aonekane. Sasa alimfundisha kunyoa, asitie mikono mifukoni mbele ya mageti ya watu, asikimbie barabarani hata mvua ikinyesha. Gentil alipotoka kucheza mpira, wenzake walimwita tonton, yaani mjomba.

Jumatatu Bulonza alirudi kazini. Maxime, mwana wa Madame mwenye miaka kumi na minane, alikuwa amelewa, akachukua gari na kumvunja mguu muuza ndizi. Polisi walikuwa sebuleni.

"Mumusamehe," Madame aliwaambia. "Iko mutoto tu."

Polisi wakamtazama Maxime, naye akapungua pale kitini hadi miguu ikawa haigusi sakafu. Wakafunga kalamu zao, wakaaga.

Madame alimwomba Bulonza ampeleke mtoto kitandani. Bulonza akamwinua. Alikuwa mwepesi, akamlalia begani njia nzima.