Moja Aliyoisahau Bibi Dorkas

Mwaka ule malori ya wafanyabiashara yalipoanza kufuata alizeti mpaka Nduguti, Bibi Dorkas alikuwa hajawahi kushindwa kitendawili. Jioni majirani walikuja kwake kupukuchua alizeti, naye akawanyang'anya miji: leo Manyoni, kesho Dodoma.

Jioni moja mkwe wake Lea, mke wa mwanawe Fredrick, akathubutu. Lea aliolewa akiwa na binti yake mdogo, Stumai, na tangu aingie nyumba ile alikuwa mtu wa kuitika tu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Wanangu sita. Ukiwazidisha kwa mbili, kwa tatu, hadi kwa sita, wanabadilishana viti tu. Haingii mgeni, hatoki mwenyeji. Ukiwazidisha kwa saba, wote sura moja."

Bibi akajaribu vidole, akajaribu nyota. Wapi! Akatoa mji, Singida yenyewe.

"Nilikwenda Singida, wakanipokea vizuri," Lea akasema. "Nikawaambia ni laki moja arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba."

Bibi akachukua kijiti, akaandika mchangani: 142857. Kwa mbili: 285714. Walewale! Watu wakapiga makofi, na roho ikamuuma. Kwa tatu akaandika upesi upesi: 328571.

"Haa! Na huyu tatu katoka wapi? Mkwe wangu, hata kwenye hesabu unatuletea mtoto wa nje! Rudisha mji wangu!"

Watu wakacheka mpaka machozi. Lea akambeba Stumai, akaingia ndani.

Asubuhi, akifagia uwanja, Bibi akazikuta zile tarakimu. Ufagio ukasimama. Nne mara tatu ni kumi na mbili. Andika mbili, moja mkononi. Moja mara tatu ni tatu, na ile moja... Hakuijumlisha. 428571. Akainama tena: kwa nne, kwa tano, kwa sita, wakazunguka walewale. Kwa saba: 999999. Hakuna wa ndani wala wa nje.

Uso ukamwaka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Angefagia tu, nani angejua? Akauegemeza ufagio ukutani, akangoja majirani, ambao siku hiyo walikuja kwenye alizeti mchana.

"Lea mwanangu," akasema mbele yao, "hesabu yako ilikuwa kweli. Nilisahau moja. Na lile neno la mtoto ni baya kuliko hesabu. Nakupa mji."

"Vitendawili mchana?" jirani yake Yunisi akadakia. "Si ulituambia tutaota mkia?"

"Acha niote. Nimeustahili. Lea, chukua Singida."

"Siutaki," Lea akajibu, macho kwenye alizeti.

"Dodoma?"

"Siutaki."

"Dar es Salaam na bahari yake?"

"Siutaki, mama."

Bibi akaielekeza nyumba kwa mkono. "Basi chukua hapa. Nyumba hii na uwanja wake, wewe na Stumai."

Lea akampakata mwanawe.

"Nilikuja hapa," akaanza taratibu, "wakanipokea..."

Akasita. Bibi Dorkas akainamisha kichwa, akilingoja neno lililobaki.